Kupima Unene na Ulaji wa Wanafunzi

Utapiamlo si upungufu wa chakula pekee. Katika darasa moja aweza kuwapo mtoto aliyedumaa kwa kukosa lishe na mwingine aliyenenepa kupita kiasi. Jicho peke yake halitoshi kuamua. Hatuna budi kupima.

Kipimo kinachotumika zaidi kilitokana na kazi ya Adolphe Quetelet, mtakwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita. Mathalani, mvulana mwenye miaka 12 kamili ana kilo 43 na urefu wa mita 1.45:

43 ÷ (1.45 × 1.45) = 20.5

Kwa mtu mzima, uzito uliozidi huanzia 25, na kwa kigezo hicho mvulana huyu angehesabiwa kuwa hana tatizo. Lakini mwili wa mtoto hubadilika kadiri akuavyo. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 majedwali ya umri wa miaka 5 hadi 19, ya wavulana mbali na ya wasichana. Kwa mvulana wa miaka 12, uzito uliozidi huanza kupita 19.9, na unene wa kupindukia kupita 23.6. Mvulana wetu, basi, amezidi uzito.

Sasa tuseme alipimwa akiwa na viatu vilivyomwongezea sentimita 3. Jibu litakuwa 19.6, naye ataandikwa kuwa wa kawaida! Kwa sababu hiyo mwanafunzi apimwe bila viatu wala sweta, visigino vikigusa ukuta, na mizani iwe juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Tarehe ya kuzaliwa nayo ijulikane kwa hakika.

Hata hivyo, kipimo hiki hakitenganishi mafuta na misuli. Huonyesha anayestahili kuchunguzwa zaidi, hakitoi hukumu.

Kupima ulaji ni kugumu zaidi. Njia moja ni kumwuliza mwanafunzi vyote alivyokula na kunywa katika saa 24 zilizopita. Siku moja haitoshi, kwani mlo wa Jumapili si wa Jumatatu, na wa Ramadhani si wa miezi mingine. Tena, wanaokula pamoja katika sinia moja hawajui kila mmoja amekula kiasi gani. Yafaa kuwaonyesha vikombe na miiko wakadirie. Vinywaji visisahauliwe: chupa ya mililita 300 yenye gramu 10 za sukari katika kila mililita 100 ina gramu 30 za sukari.

Mwenye kuulizwa kwa kukaripiwa hujibu linalompendeza mwalimu, na takwimu hizo hazina thamani. Kwa hiyo kila mwanafunzi apimwe faraghani, kwa ridhaa yake na ya wazazi, na jibu lisisomwe mbele ya wenzake. Mtoto aliyeaibishwa hapungui uzito, huikimbia mizani.

Zoezi: Msichana wa miaka 12 ana uzito na urefu sawa na wa mvulana wetu. Kwa msichana wa umri huo, uzito uliozidi huanza kupita 20.8. Je, amezidi? Eleza kwa nini majibu ya wawili hawa yanatofautiana.