Farao Asiyemjua Yusufu

Somo: Kutoka 1:8–21

Kabla sijaingia katika huduma nilifanya kazi ofisini. Bosi wangu alinijua vizuri, nikajiambia, hapa nimefika. Siku moja akahamishwa. Bosi mpya akapanga idara upya, na katika orodha ya wanaobaki jina langu halikuwepo. Mshahara uliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba miaka mitano ilisahaulika kwa siku moja. Shahada yangu ya biashara haikuwa na jibu. Jioni ile nilisoma Kutoka 1, habari za mfalme mpya ambaye Yusufu kwake hakuwa kitu.

Tukisema "Farao" wengi hudhani ni mtu mmoja. Sivyo. Misri ilipita nyakati kuu nne:

1. Ufalme wa Kale (karibu 2686–2181 KK). Ndio wakati wa piramidi. Ile ya Khufu kule Giza ilifika mita 146 hivi, na kwa zaidi ya miaka 3,800 hakuna jengo lililoipita. Hata hivyo ufalme ulidhoofika, kila jimbo likawa na mkubwa wake.

2. Ufalme wa Kati (karibu 2055–1650 KK). Wafalme wa Thebes waliunganisha nchi tena. Baadaye wageni walioitwa Wahiksosi wakatawala kaskazini.

3. Ufalme Mpya (karibu 1550–1069 KK). Malkia Hatshepsut alituma merikebu hadi Punt, upande wa Pembe ya Afrika, kuleta manemane. Ramses wa Pili alitawala miaka 66. Nao ukavunjika.

4. Wakati wa mwisho. Wakushi kutoka Sudan ya leo walitawala Misri; mmoja wao, Tirhaka, yumo katika 2 Wafalme 19:9. Wakafuata Waashuri, Waajemi, Alexander Mkuu mwaka 332 KK, na mwaka 30 KK Roma ikaimeza nchi yote.

Unaona? Kila kizazi kilidhani enzi yake ni ya kudumu.

Sasa rudi kwenye somo letu. Mafarao walichonga majina yao kwenye mawe ili wasisahaulike, lakini huyu wa Kutoka 1 Biblia haimtaji hata jina. Walioandikwa ni wazalisha wawili, Shifra na Pua (mstari wa 15). Waliamriwa kuua watoto wa kiume wa Waebrania. Walimcha Mungu, wakakataa.

Wapendwa, hapa Upper Hill tumezungukwa na ofisi ndefu za benki na bima, na Hospitali ya Kenyatta iko jirani. Wengine wenu mnatoka zamu ya usiku wodini, wengine mnangoja kusikia nani atabaki kazini. Heshimu bosi wako, fanya kazi kwa bidii, lakini usijenge maisha yako juu ya kujuliwa naye. Ana wakati wake, utapita. Na bosi mpya akikuambia ubadilishe hesabu kidogo tu, kumbuka wale akina mama. Kukataa kunaweza kukugharimu kazi, siwadanganyi. Lakini Mungu anajua jina lako.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:
- Ni "Farao" gani umemtegemea kuliko Mungu?
- Ni agizo gani kazini unapaswa kulikataa wiki hii?
- Nani kati yetu amepoteza kazi, na tutamsaidiaje?