Uteuzi wa Vipuri vya Kompyuta ya Michezo kwa Mfuko Mdogo

Kijana wa Bura anayetaka kujiundia kompyuta ya michezo (tarakilishi, wangesema wengine, mafundi wa Voi wamekwisha kuchagua jina) huulizia kwanza kadi ya michoro. Kwa maoni yetu, utaratibu huo umepinduka: umeme ndio unaotangulia. Chukua kompyuta ya ofisini iliyokwisha kutumika, Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ya umbo dogo. Pawa saplai yake hutoa wati 240 tu, tena ina umbo la pekee. Ile ya kawaida ya dukani haiingii mahali pake. Hivyo basi, kadi haina budi kutosheka na wati 75 zinazopitia kwenye tundu la ubao mama, nayo iwe fupi kwa kimo. GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019 hufaa, ila baadhi ya matoleo yake hudai waya wa ziada wa umeme, ambao mashine hii haina. Mnunuzi asiyeikagua kadi pale pale dukani Mombasa atafika nyumbani akiba imekwisha na mchezo haufunguki. Salio liende kwenye kumbukumbu: vipande viwili vya gigabaiti 4 hushinda kimoja cha 8, kwani prosesa huvisoma kwa pamoja. Kisha diski ya SSD.