Steringi Asiyelia: Nimeirudia Filamu ya Equilibrium



Mara ya kwanza kuiona Equilibrium ilikuwa kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, na kilichotupeleka pale ni bunduki tu. Steringi ni Christian Bale, kabla hajawa Batman, anapigana na bastola mbili kama mtu anayecheza ngoma. Tulitoka pale tukiigiza ile mikono njia nzima hadi nyumbani. Ungeniuliza filamu inahusu nini, ningekuambia inahusu jamaa mmoja hapigiki.

Juzi nimeiangalia tena, peke yangu, usiku. Kumbe sikuwahi kuiona.

Filamu hii ilitoka mwaka 2002, imeandikwa na kuongozwa na Kurt Wimmer. Inatupeleka miaka ijayo, baada ya Vita ya Tatu ya Dunia. Walionusurika wanaishi katika mji unaoitwa Libria, na wakubwa wa mji wamepiga hesabu hivi: vita inaletwa na chuki, chuki ni hisia, basi hisia zote zifutwe. Kila raia anajidunga shingoni dawa iitwayo Prozium, kila siku, kwa saa iliyopangwa. Muziki, picha, vitabu vya mashairi, chochote kinachoweza kumgusa mtu moyo, ni marufuku. Mwanzoni tu mwa filamu askari wanaukuta mchoro wa Mona Lisa umefichwa, wanahakikisha kwamba ni wenyewe kabisa, halafu wanauchoma moto. Mtu akikutwa anahisi, hukumu yake ni kifo.

Bale ni John Preston, askari hodari kuliko wote katika kuwanusa wanaohisi. Askari wa aina yake wanaitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kasisi, na mtawala wa mji anaitwa Baba. Wapo wanaokasirika hapo, wanaona Kanisa limetukanwa. Mimi sikuona hivyo. Serikali iliyojiweka mahali pa Mungu itatafuta majina wapi kama siyo kwake? Halafu tazama Partridge, mwenzake Preston, anapoamua kuacha dawa anaenda kukaa wapi na kitabu chake cha mashairi: ndani ya kanisa lililobomoka. Preston anamfuata huko huko na kumpiga risasi.

Lakini kilichonifanya nisimamishe filamu hakina bunduki. Preston ameitwa na mkubwa wake, anaulizwa habari za familia. Anajibu kwamba ana watoto wawili, na mke wake alikamatwa akachomwa kwa kosa la kuhisi. Anaulizwa, ulijisikiaje? Haelewi swali. Anaulizwa tena. Anasema hakuhisi chochote.

Yaani anajibu vizuri tu, kama mtu aliyeulizwa saa ngapi.

Nilipokuwa na miaka 17 nilibeba msalaba mbele ya jeneza la baba yangu. Kabla hatujatoka nyumbani, baba yangu mkubwa alinishika bega akaniambia, "Wewe ndiye mwanaume wa nyumba hii sasa. Jikaze." Nikajikaza. Nikatupa udongo, nikapokea watu, nikahesabu sahani. Wazee walinisifu, wakasema kijana amekomaa. Nilifurahi kusifiwa, na niliendelea kujikaza muda mrefu baada ya matanga kuanuliwa. Sikumlaumu baba mkubwa wala simlaumu leo. Alinipa alichopewa naye. Ila usiku ule mbele ya kompyuta niliona kwamba ningeulizwa swali la Preston, jibu langu lingefanana na lake.

Sasa, Libria haikukosea kila kitu. Hasira inaua kweli, na Biblia inaanza nayo mapema: Kaini na Abeli. Lakini soma vizuri Mwanzo 4:7. Mungu anaiona hasira ya Kaini kabla ya mauaji, anazungumza naye, anamwambia dhambi iko mlangoni na yeye anapaswa kuitawala. Hamng'oi moyo. Ndiyo maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1767, inafundisha kwamba hisia zenyewe si nzuri wala mbaya kimaadili. Uzuri au ubaya wake unatokana na jinsi akili na utashi vinavyozishika na zinakotupeleka. Kijana anayekuja kuungama kwamba "nilikuwa na huzuni" hajaungama dhambi bado.

Halafu Yohana 11. Nimeisikia ikisomwa kwenye misa za mazishi mara nyingi, sikuwahi kushtuka. Yesu amekwisha waambia wanafunzi kwamba Lazaro amekufa na kwamba anakwenda kumwamsha. Anajua mwisho wa habari. Dakika chache zijazo jamaa atatoka kaburini na sanda zake. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kujikaza, kuwaambia Martha na Maria "acheni kulia, mtaona", ni yeye. Anamwona Maria analia, naye analia. Watu wanaona machozi yake, wanatambua jinsi alivyompenda rafiki yake. Ufufuko alikuwa nao mkononi na bado alilia.

Filamu yenyewe ina kasoro yake, na safari hii ilinisumbua. Preston anaacha dawa, anasikia muziki wa Beethoven, machozi yanamtoka. Safi sana. Muda si muda anaua kikosi kizima cha askari ili kuokoa mbwa mdogo. Mwishoni adui mkuu anamsihi, anamwambia na mimi ninahisi, na Preston anafyatua. Tulishangilia pale kibandani, sikatai. Lakini huyo ni Kaini aliyerudishiwa moyo bila kuambiwa autawale. Mkiiangalia kikundini (wakubwa tu, watoto wa Utoto Mtakatifu waacheni, damu ni nyingi), simamisheni hapo mwulizane kama kweli Preston amepona.

Nilipoizima ilikuwa karibu saa sita. Asubuhi, kabla ya kazi, nilimpigia mama. Nilimwuliza swali ambalo sikuwahi kumwuliza tangu msiba: baba alisema nini usiku wake wa mwisho. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nilidhani hutauliza." Akaanza kunisimulia. Nilichelewa kazini siku hiyo, na salio lilikatika tukiwa tunalia wote wawili.