Muulize Kwanza, Halafu Nyamaza

Wapendwa vijana, wengi wenu mnafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza au Kipaimara, na siku moja mtaombwa kuwalea walimu wapya. Hapo kuna kishawishi, hasa kwa sisi tuliosoma kidogo: kugawa majibu.

Tusome Luka 10:25-37. Mwanasheria anamwuliza Yesu afanye nini ili aurithi uzima wa milele. Yesu anajua jibu, lakini anamrudishia swali: Sheria inasemaje? Anasimulia habari ya Msamaria, kisha anauliza tena: kati ya wale watatu, nani alikuwa jirani? Jibu linatoka kinywani mwa mwanasheria mwenyewe. Sasa atalikwepaje?

Mtakatifu Thomas wa Akwino alimfananisha mwalimu na daktari. Dawa inasaidia, lakini mwili wenyewe ndio unaopona. Vivyo hivyo, akili ya mtu ndiyo inayojifunza. Mwalimu anasaidia tu.

Katika utume wangu parokiani, mwalimu mmoja aliniambia, "Frateri, watoto hawanisikilizi, nifanyeje?" Ningeweza kumpa mbinu tano. Lakini mimi sikai na watoto wale, yeye ndiye anayewajua. Basi nikamuuliza: Wanaanza kuchoka saa ngapi? Wakati huo wewe unafanya nini, na wao wanafanya nini? Ni lini walikusikiliza vizuri? Akanyamaza, nami nikanyamaza. Mara akasema, "Siku ile tulipoigiza arusi ya Kana." Nikauliza swali la mwisho: Jumamosi ijayo utajaribu kitu gani kimoja? Alishajua.

Angalia mambo mawili. Kwanza, "Huoni kwamba unaongea sana?" siyo swali, ni lawama iliyovaa kanzu ya swali. Swali la kweli ni lile ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake. Pili, yapo mambo ya kujibu moja kwa moja. Mwalimu akiuliza sakramenti ni ngapi, mwambie ni saba, usimtegee kitendawili. Na akikuambia kuna mtoto anaumizwa nyumbani, msiishie kwenye maswali: chukueni hatua siku hiyo hiyo, mtoto alindwe.

Hebu wiki hii mtafute mwalimu mmoja, umuulize swali moja, halafu usikilize mpaka amalize. Jumamosi atakuwa peke yake mbele ya watoto, wewe hutakuwepo. Ila Roho Mtakatifu atakuwepo.