Saa ya mapigo: mashine iliyohesabu ujira wa mfumaji

Mtu anayelipwa kwa siku anajua amefanya kazi siku ngapi. Anayelipwa kwa kipande ana swali jingine kila siku ya malipo: ni nani aliyepima kipande changu, na alipima kwa kutumia nini?

Katika somo hili tunajifunza kutoka kwa wafumaji wa Lancashire, mkoa ulioko kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Nguo zao za pamba ziliuzwa duniani kote, zikafika hata kwenye maduka ya Afrika Mashariki. Wengi wa wafumaji hao walikuwa wanawake. Kwa miaka mingi walidai jambo moja lililoonekana dogo: wawe na uwezo wa kuhakiki hesabu ya ujira wao. Sehemu ya jibu ilikuwa kifaa kidogo cha chuma kilichofungwa kwenye mtambo. Wao walikiita saa, ingawa hakikuonyesha wakati.

Kazi yenyewe

Nguo hufumwa kwa nyuzi za aina mbili. Mtande ni nyuzi zinazotandazwa kwa urefu wa nguo. Mshindio ni uzi unaopita katikati ya mtande, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kila mara mshindio unapopita, kitana cha mtambo huusukuma ukabanwe na nyuzi zilizotangulia. Katika somo hili tutaita tendo hilo pigo moja.

Mwaka 1785 Edmund Cartwright, aliyekuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana, alipata hataza ya mtambo wa kufumia unaoendeshwa kwa nguvu ya mashine badala ya mikono. Mitambo ya aina hiyo iliboreshwa na wengine, na kufikia mwisho wa karne ya 19 ilijaza kumbi kubwa za Lancashire. Mtambo mmoja uliweza kupiga mapigo kama 200 kwa dakika, na kwa kawaida mfumaji mmoja alisimamia mitambo 4. Hakuna binadamu anayeweza kuhesabu mapigo hayo kwa macho.

Kwa nini urefu peke yake haukutosha

Mfumaji alilipwa kwa kila kipande cha nguo alichomaliza. Tuseme kipande ni cha yadi 100. Yadi moja ni inchi 36, hivyo kipande kina inchi 3,600. Kama kila inchi ina mapigo 60, mfumaji amefanya mapigo 216,000.

Sasa angalia jinsi hesabu inavyoweza kuharibika bila mtu kupiga kelele:

• Nguo ikikazwa zaidi, ikawa na mapigo 64 kwa inchi badala ya 60, urefu wa kipande haubadiliki. Lakini mapigo yamekuwa 230,400. Mfumaji ameongeza mapigo 14,400. Kwa kasi ya mapigo 200 kwa dakika, hizo ni dakika 72 za mtambo kufanya kazi bila malipo.

• Kipande kikiwa cha yadi 104 lakini kikaandikwa 100, mapigo yanazidi kwa 8,640. Hizo ni dakika 43.

Makosa haya yalitokea wapi? Mara nyingi kwenye gia. Idadi ya mapigo kwa inchi ilitegemea gia iliyovuta nguo polepole kadiri ilivyofumwa. Alama za kuonyesha mwisho wa kipande ziliwekwa kwenye mtande kabla haujafika kwa mfumaji, na mashine iliyoweka alama hizo nayo iliongozwa na gia. Meno machache yakibadilika, kila kipande kinabadilika. Mfumaji hakuziona gia hizo, na nguo ilipimwa ghalani yeye akiwa bado amesimama kwenye mitambo yake.

Tena, nguo iliyo mtamboni imevutwa. Ikishatolewa hunywea kidogo. Kwa hiyo hata watu wawili waaminifu waliweza kuhesabu nyuzi za nguo moja wakapata majibu mawili.

Jitihada za kwanza: bei moja na maelezo ya maandishi

Kabla ya kuamini mashine yoyote, wafumaji walihitaji bei inayojulikana. Vyama vya wafumaji vya miji mbalimbali viliungana mwaka 1884 katika shirikisho moja. Mwaka 1892 shirikisho hilo na wenye viwanda walikubaliana juu ya orodha moja ya bei kwa nguo za kawaida za pamba. Nguo ya msingi katika orodha hiyo ilikuwa na mapigo 15 katika robo inchi, yaani 60 kwa inchi, na urefu wa yadi 100. Bei yake ilikuwa peni 30, sawa na peni 2 kwa kila pigo lililomo katika robo inchi. Mtambo ukiwa mpana zaidi au uzi ukiwa tofauti, bei ilirekebishwa kwa kanuni zilizoandikwa.

Kanuni hizo zilikuwa nyingi na ngumu. Ndiyo maana vyama viliwachagua makatibu wao kwa mtihani wa hesabu. Mtu mwenye maneno mazuri hakutosha. Alitakiwa mtu anayeweza kukaa na karani wa kiwanda, kuchukua kioo cha kukuzia, kuhesabu nyuzi katika robo inchi, na kuonyesha kosa liko wapi.

Mwaka 1891 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya viwanda yenye kifungu kilichowataka waajiri wawape wafumaji maelezo ya kazi na bei kwa maandishi. Mwaka uliofuata serikali ilitafuta mkaguzi wa kusimamia kifungu hicho. Ilimteua Thomas Birtwistle, aliyekuwa katibu wa chama cha wafumaji kwa miaka mingi. Kazi ya kukagua hesabu ilipewa mtu aliyejifunza hesabu hizo kwa kuwatetea wenzake.

Saa ya mapigo inavyofanya kazi

Katika karne ya 20 vifaa vya kuhesabu mapigo vilienea katika viwanda vya kufuma, Uingereza na Marekani pia. Namna yake ni rahisi kuelewa ikiwa umewahi kusoma mita ya maji.

1. Shafti kuu ya mtambo huzunguka mara moja kwa kila pigo. Saa huunganishwa na mzunguko wa mtambo.

2. Ndani ya saa, gia hupunguza mwendo. Mizunguko mingi ya shafti husogeza namba ya mwisho hatua moja tu. Kwa njia hiyo saa huweza kuhesabu kwa mamia au kwa maelfu.

3. Namba ziko kwenye magurudumu madogo yaliyopangwa pamoja. Gurudumu la kulia likimaliza 9 na kurudi 0, la kushoto kwake linasogea hatua moja.

4. Mtambo ukisimama, saa nayo inasimama.

5. Mahali ambapo wafumaji wawili walipokezana mtambo mmoja kwa zamu, zilitumika saa zenye safu mbili za namba, ili mapigo ya mmoja yasiandikiwe mwingine.

Siku ya hesabu, karani alisoma namba, akatoa namba ya wiki iliyopita, akapata mapigo ya wiki. Mfumaji naye aliweza kusoma namba hiyohiyo na kuiandika kwenye karatasi yake. Hapo ndipo palipo na mabadiliko makubwa. Kipimo kilitoka ghalani kikaja mahali pa kazi, mbele ya macho ya anayelipwa.

Hesabu ya mfano

Tuchukue nguo ya msingi na bei ya msingi ya mwaka 1892. Kipande cha mapigo 216,000 kinalipwa peni 30. Gawanya: peni moja ni mapigo 7,200.

Tuseme saa inahesabu kwa mamia. Jumatatu asubuhi inasoma 4,310. Jumamosi inasoma 9,710. Tofauti ni 5,400, yaani mapigo 540,000. Ukigawa kwa 7,200 unapata peni 75. Ikiwa mitambo yote 4 imefanya sawa, ujira wa wiki ni peni 300. Wakati huo peni 12 zilifanya shilingi moja, kwa hiyo ni shilingi 25.

Kazi hiyo ni sawa na vipande 10. Kama kila kipande kingekuwa na yadi 104 badala ya 100, na malipo yakawa ya vipande tu, mfumaji angepoteza peni 12 kwa wiki. Ni shilingi nzima, kila wiki, na hakuna ambaye angeonekana ameiba.

Nani anaikagua saa?

Lakini saa nayo ina gia ndani yake. Ikiwa gia ya mtambo inaweza kudanganya, gia ya saa inaweza pia. Kuweka mashine mahali pa karani hakuondoi swali la mwanzo, bali kunalihamisha.

Sheria ya Viwanda na Karakana ya mwaka 1901 ya Uingereza ililiona jambo hilo. Ilisema kwamba pale ambapo kihesabio kinachojiendesha kinatumika kupima kazi, kwenye kasha lake iandikwe idadi ya meno ya kila gia na kipenyo cha rola inayokiendesha. Kwa nini meno? Kwa sababu ukijua meno na kipenyo, unaweza kukokotoa mwenyewe kile ambacho saa inapaswa kusoma. Kasha limefungwa, lakini hesabu yake iko wazi.

Sheria hiyo pia ilikataza maelezo ya kazi na bei kuandikwa kwa alama. Na iliweka adhabu kwa pande zote mbili: mwajiri anayetumia kwa hila kihesabio cha uongo, na mfanyakazi anayekichezea ili kionyeshe kazi ambayo haikufanyika. Kipimo cha haki huwalinda wote wawili.

Yale ambayo saa haikuyahesabu

Tusiipe mashine sifa kuliko kazi yake. Saa ya mapigo ilijibu swali moja tu: mtambo umepiga mara ngapi? Mengine yalibaki:

• Uzi mbovu. Mtande dhaifu hukatika kila mara. Mfumaji huchoka zaidi kwa kuunga nyuzi, na saa imesimama. Kadiri uzi ulivyokuwa mbaya, ndivyo alivyofanya kazi nyingi na kulipwa kidogo.

• Shinikizo. Wasimamizi wengi wa mitambo walilipwa kulingana na mapato ya wafumaji waliokuwa chini yao. Namba zinazosomeka kwa urahisi zilimsaidia mfumaji kujua haki yake, lakini zilimsaidia pia msimamizi kumlinganisha na jirani yake na kumsukuma.

• Bei yenyewe. Saa haisemi pigo moja lilipwe kiasi gani, wala mtu mmoja asimamie mitambo mingapi. Mwaka 1931 na 1932 Lancashire ilikumbwa na migogoro mikubwa, wenye viwanda walipotaka wafumaji wasimamie mitambo mingi zaidi ya 4 waliyoizoea. Hakuna kihesabio ambacho kingemaliza ugomvi huo. Ulihitaji watu kukaa mezani.

Tunajifunza nini?

Wafumaji wa Lancashire walihitaji vitu vitatu kwa pamoja: bei iliyoandikwa, kipimo kinachoonekana, na mwenzao anayejua hesabu. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki hulegea. Bei nzuri bila kipimo huliwa kidogo kidogo. Kipimo bila bei hakina maana. Na vyote viwili bila mtu wa kuvikagua huwa mapambo ukutani.

Huenda wewe hulipwi kwa mapigo. Labda unalipwa kwa kilo, kwa debe, kwa idadi ya matofali au kwa vikapu. Siku hizi huenda kipimo ni mizani ya umeme au programu ya simu, na ndani yake hakuna meno ya kuhesabu. Swali ni lilelile. Jambo la kuuliza kwanza ni kama anayepimwa anaweza kukikagua kipimo hicho.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika eneo lenu, ni kazi zipi zinazolipwa kwa kipande au kwa uzito? Kipimo kiko mikononi mwa nani?

2. Je, bei imeandikwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma? Wasiojua kusoma wanaelezwaje?

3. Chukueni mzigo mmoja na mpime mara tatu, kwa mizani mbili tofauti ikiwezekana. Mmepata majibu yanayofanana? Kama sivyo, mtamwendea nani, na kwa maneno gani?

4. Nani kati yenu anaweza kufundishwa kuhakiki hesabu kwa niaba ya wengine? Atahitaji nini: daftari, kikokotoo, au muda?

5. Ni sehemu gani ya kazi yenu ambayo kipimo hakiioni, kama ule uzi mbovu ulivyomchosha mfumaji? Mnaweza kuieleza vipi mbele ya anayewalipa?

Jaribu pia wewe mwenyewe: kwa wiki moja, andika kila jioni kazi uliyofanya kabla ya kuambiwa umefanya kiasi gani. Siku ya malipo, linganisha.