Pangoni au mu pango? Somo kutoka Mlima Hoyo

Mlima Hoyo, kusini ya Bunia katika Ituri, ni wa mawe ya chokaa. Maji ya mvua huchukua gesi ya kaboni hewani na udongoni, hupata ukali kidogo, kisha hulila jiwe polepole mpaka mapango yanafunguka. Katika pango la Matupi, Mbelgiji Francis Van Noten alichimba miaka ya 1970 akakuta zana ndogo za mawe. Za chini kabisa zina zaidi ya miaka 40,000.

Kwetu wanafunzi wa lugha, pango linafaa sana kupimia ngeli za mahali. Neno "pangoni" peke yake halisemi kama tumesimama mlangoni au tumeingia gizani. Upatanisho ndio unaosema: pangoni pana popo (pale hasa), kuna popo (huko, kwa jumla), mna popo (ndani). Lakini wengi, hata pwani, siku hizi wanasema "kuna" kwa yote.

Kiswahili chetu cha mashariki kinaitanguliza tofauti hiyo: mu pango, ku pango. Mu na ku ni urithi wa Kibantu, si uchafu wa mtaani. Kwenye mtihani wa Kiswahili sanifu, sawa, tuandike "pangoni". Ila anayekusanya masimulizi ya waongozaji wa Hoyo asiwasahihishe. Popo iko mu pango: ingia na taa. Popo iko ku pango: pengine utamwona ukiwa bado nje.