Hamu ya Tumbaku Baada ya Toba

Bismillahir Rahmanir Rahim.

SUALA: Ndugu mmoja wa Kakamega atuuliza: Nimevuta sigara miaka 18. Ramadhani iliyopita niliacha, na Shawwal ilipoingia nikashika azma yangu. Lakini kila ninywapo kahawa ya jioni hushikwa na hamu kali, nikaghadhibika kwa jambo dogo, hata watu wa nyumbani wakaniogopa. Rafiki akanipa sigara ya umeme, akasema huo ni mvuke, si moshi. Imenituliza, lakini juzi nimemkuta mwanangu wa miaka 13 akiivuta kwa siri. Je, toba yangu imesihi? Na chombo hiki chafaa?

JAWABU: Ndugu yetu, toba ina masharti yanayojulikana: kuiacha maasia, kuijutia, na kuazimia kutoirejea. Kutokuwa na hamu si katika masharti hayo. Mwenye kuihisi hamu akaizuia nafsi yake yumo katika jihadi, na twamtarajia ujira. Basi usimsikilize shetani akikwambia kuwa toba yako ni ya uwongo kwa kuwa moyo wako bado wataka.

Ama tumbaku yenyewe, haikuwako zama za Mtume (s.a.w.). Iliingia katika nchi za Kiislamu karibu na mwaka 1000 wa Hijra, na wanavyuoni wakakhitalifiana: wako walioiharimisha, walioikirihi na walioihalalisha. Waliohalalisha hawakuyaona madhara yake. Leo Shirika la Afya Duniani lahesabu watu zaidi ya milioni 7 wanaokufa kwayo kila mwaka. Madhara yakiisha kuthibiti, mlango wa udhuru umefungwa, kwani Mtume (s.a.w.) ametukataza kujidhuru na kudhuru wengine, kama alivyopokea Ibn Majah.

Sasa tuitazame hamu. Ndani ya tumbaku mna nikotini, nayo hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde chache tu tangu kuvuta. Ubongo ukiisha kuizoea, huidai. Madai hayo huwa makali zaidi katika siku za mwanzo, kisha hupungua kwa muda wa wiki chache. Kila wimbi la hamu halikai ila dakika chache; aliyesubiri limempita. Linalodumu zaidi ni mazoea: kikombe cha kahawa, baraza, rafiki mwenye kiberiti. Na ushahidi unao wewe mwenyewe. Kakamega i karibu na mstari wa ikweta, na saumu yake hupita saa 13. Mwezi mzima ulikaa muda huo kila siku bila ya sigara. Basi usiseme huwezi.

Ama sigara ya umeme, ambayo vijana huiita vepu, ni betri inayopasha moto majimaji yenye manukato, na mara nyingi yenye nikotini. Insafu yatulazimu tuseme kweli: kwa kuwa hakuna kinachoungua, hakuna lami wala ile hewa ya sumu kama ya jiko la makaa, na matabibu wa Uingereza huwashauri wavutaji watu wazima wahamie humo ili waiache sigara. Lakini hao hao husema kuwa haikosi madhara, na kwamba asiyevuta asiianze. Jirani zetu wa Uganda, kwa sheria yao ya 2015, wamekataza kuiingiza na kuiuza.

Tuonavyo sisi, mwenye kuitumia kwa shauri la tabibu, kwa kipimo kinachopunguzwa na kwa siku iliyowekwa ya kuacha, huyo ajitibu, na la khafifu hutangulizwa mbele ya lililo zito. Asiyeweka mwisho hakuacha kitu: bwana wake ni yule yule, amebadilisha kanzu tu. Na ajue kuwa mvuke huo wafunguza saumu kama moshi.

Iko dawa iliyo bora kwako: plasta ya nikotini ya kubandika mwilini. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha 1997, ilipitisha kuwa plasta za dawa zinazopenya kwenye ngozi hazifunguzi. Muulize tabibu. Pamoja nayo, badilisha saa ya kahawa na mahali pa kuketi, shika msuwaki mkononi, na wimbi likija simama ukatawadhe. Ukiteleza kwa sigara moja, usiseme yote yameharibika; tubu tena siku hiyo hiyo.

Lililo kubwa katika suala lako ni mtoto. Wewe wataka kutoka gerezani, naye aingia kwa mlango ule ule uliokuachia wazi. Nikotini hudhuru ubongo unaokua, na sheria ya Kenya ya 2007 imekataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Kitoe chombo hicho nyumbani leo. Usimpige, keti naye umweleze bila ya kuficha namna ulivyofungwa miaka 18 na unavyotaabika kujifungua. Maneno hayo kutoka kinywani mwa babake yatamfaa kuliko hutuba zetu.

Wallahu aalam, wabillahi taufiki.